Kumpa Mgonjwa Oksijeni kwa Kipimo: Nasaha kwa Muuguzi Mgeni wa Walthamstow

Ndugu msomaji, huenda umeshuka juzi kutoka Nairobi kwa ule mkataba wa wauguzi uliotiwa saini baina ya Kenya na Uingereza mwezi wa Julai 2021, au huenda umekwisha kukaa hapa miaka mingi ukiwahudumia wazee katika nyumba zilizopangana kandokando ya Hoe Street na Lea Bridge Road, vyovyote iwavyo, siku moja utajikuta umesimama mbele ya mtu mzima anayehema kwa taabu, mabega yakipanda na kushuka, kinywa kikitafuta maneno kisiyapate, na nyuma yako jamaa zake wakikusihi: “Mwanangu, muongezee hewa.” Hapo mkono wako utataka kwenda wenyewe kwenye ile mita ya ukutani uizungushe hadi mwisho wake. Nasaha hizi nimeziandika kwa ajili ya mkono huo.

Oksijeni ni dawa. Katika hospitali za nchi hii huandikwa katika chati ya dawa kama iandikwavyo dawa ya moyo au ya sukari, na kinachoandikwa si lita tu, bali kiwango kinachokusudiwa katika damu ya mgonjwa. Chama cha Matabibu wa Kifua cha Uingereza kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa jambo hili mwaka 2008 na kuupitia upya mwaka 2017, na kiini chake ni rahisi kukihifadhi: mtu mzima aliyeshikwa na maradhi ya ghafula atafutiwe kiwango cha asilimia 94 hadi 98, ila yule ambaye mapafu yake yanakhofiwa kuhifadhi hewa ukaa, huyo atafutiwe asilimia 88 hadi 92. Kila kinachofuata katika waraka huu ni sherehe ya maneno hayo mawili.

Najua kwamba kwa wengi wetu tuliofunzwa kazi nyumbani jambo hili huingia moyoni kwa uzito. Sisi tulilelewa katika uhaba. Tulijua wodi ambayo mtungi ni mmoja na wagonjwa ni watatu, na anayeupata huhesabiwa kuwa amepata bahati. Basi tulipofika katika hospitali kama Whipps Cross, inayowapokea wagonjwa wa Walthamstow tangu ilipofunguliwa mwaka 1903 kwa ajili ya maskini wa West Ham, tukaona oksijeni ikitoka ukutani kama maji ya mfereji, tulidhani kwamba wema ni kuifungulia. Walakini wingi nao una madhara yake. Nchini Sweden, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, watu zaidi ya 6,600 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, na ambao damu yao ilikuwa na oksijeni ya kutosha, waligawanywa, nusu wakapewa oksijeni na nusu wakaachwa wapumue hewa ya chumba, na waliopewa hawakupata faida yoyote. Mwaka uliofuata wataalamu wakakusanya tafiti 25 zenye wagonjwa zaidi ya 16,000 wenye maradhi ya ghafula ya namna mbalimbali, wakaona kwamba waliomiminiwa oksijeni kwa ukarimu walifariki kwa wingi zaidi kuliko waliopewa kwa kadiri. Hili ni jambo la kutafakari kabla ya kuigusa mita.

Nami sikulijua kwa kusoma tu. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa usiku mzee aliyekuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao wodini huitwa kwa herufi zake, COPD. Alikuwa akihema kwa nguvu na macho yamemtoka. Nikamvika barakoa yenye mfuko, nikafungulia lita 15, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Niliporudi nilimkuta ametulia, mikono yake ina joto, wajihi wake umepoa, na binti yake akaniamkia kwa shukrani kwamba baba amepata usingizi. Ule haukuwa usingizi. Nilipomwita hakuitika, na kipimo cha gesi za damu kilipokuja, hewa ukaa ilikuwa imejaa hadi imemlevya. Aliwekwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa, na kwa rehema za Mungu alipona baada ya siku mbili; lakini zile shukrani za binti yake sijazisahau, kwa kuwa nilizipokea nikiwa nimekaribia kumwua baba yake kwa huruma.

Yafaa basi kuelewa ni kitu gani hutokea. Mapafu yaliyoharibika hujitafutia njia ya kuishi: sehemu zisizopata hewa hubana mishipa yake ya damu, ili damu iende penye hewa nzuri. Ukimmiminia mtu huyo oksijeni nyingi, ile mishipa hulegea, damu hupita pale ambapo hewa ukaa haiwezi kutolewa. Na damu yenyewe, ikishajaa oksijeni, hupunguza uwezo wake wa kuibeba hewa ukaa. Na pumzi nazo huenda zikapungua. Dalili zake ni kichwa kuuma, usingizi mzito, mapigo ya moyo yenye kishindo, mikono yenye joto, na viganja vinavyopigapiga kama bawa la ndege mgonjwa anyooshapo mikono yake mbele. Vitabu husema pia kwamba uso huwa mwekundu. Kwa mgonjwa mweusi usiingoje dalili hiyo.

Ni nani basi wa kutafutiwa 88 hadi 92? Ni mwenye COPD, mwenye kibyongo kikubwa au kifua kilichopinda, mwenye unene uliozidi unaombana pumzi usiku, mwenye udhaifu wa misuli au mishipa ya fahamu, na mwenye mapafu yaliyotoboka na kutanuka kwa maradhi ya zamani, kama kifua kikuu alichougua ujanani. Orodha hii utaikuta imeandikwa. Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu haliulizwi hapa London, na wewe unayejua Kiswahili ndiwe wa kuliuliza.

Nilimwuguza bibi mmoja wa asili ya Unguja, mwembamba, amejitanda kanga yake juu ya gauni la hospitali. Tabibu kijana alikuwa amekwisha kumwuliza kama alivuta sigara, naye akajibu “Astaghfirullahi,” jambo likaisha hapo, na katika chati pakaandikwa 94 hadi 98. Nilipokwenda nikamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitikia “Marahaba, mwanangu,” nikaketi. Nikamwuliza, “Zamani nyumbani mlikuwa mkipikia nini?” Akasema, “Kuni, mwanangu, na makumbi, na vifuu. Jiko lilikuwa ndani, moshi unatokea mlangoni. Nimepika hivyo tangu kigori hata nilipopata wajukuu.” Miaka arubaini ya moshi. Nikamwendea tabibu nikamweleza, akachukua damu ya ateri, ikaonekana hewa ukaa imezidi. Lengo likabadilishwa kuwa 88 hadi 92, na barakoa ya lita nyingi ikatolewa. Moshi wa kuni huziba mapafu kama moshi wa tumbaku, na wanawake wetu wengi waliokuja uzeeni kukaa na watoto wao hapa wamebeba moshi huo vifuani mwao bila ya mtu kuwauliza. Waulize, ndugu yangu, na jibu liandike.

Sasa nikuambie mintarafu ya vyombo, kwani kila chombo kina tabia yake.

Mrija wa puani ni wa upole. Huenda lita 1 hadi 6 kwa dakika, na mgonjwa huweza kula na kusema akiwa nao. Huo ndio wa kuanzia kwa wengi ambao kiwango chao kimeshuka kidogo na hawana khatari ya hewa ukaa. Barakoa ya kawaida huenda lita 5 hadi 10, na usiiendeshe chini ya 5, kwa sababu mgonjwa atavuta tena ile pumzi chafu aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko huenda lita 15, nayo ni ya aliye mahututi: ambaye moyo wake umesimama, aliyeumia vibaya, mwenye sumu ya maradhi iliyoenea damuni, au yeyote asiyekuwa na khatari ya hewa ukaa ambaye kiwango chake kimeanguka chini ya 85. Kabla ya kuivika, bonyeza valvu yake ya ndani kwa kidole hadi mfuko ufure; nimewaona wauguzi wazuri wakimvika mgonjwa mfuko ulionyauka kama puto la jana. Na ujue kwamba aliye mahututi haingojei kalamu ya tabibu: mpe kwanza, itaandikwa baadaye, kisha akishatengemaa ushushe hadi afike katika lengo lake. Mpenda kipimo asije akamnyima oksijeni mtu anayekufa kwa kuikosa, kwani kukosa oksijeni huua upesi kuliko hewa ukaa.

Ama barakoa ya Venturi, hiyo ni tunu, na ilizaliwa katika mji huu. Mwaka 1960 tabibu Moran Campbell aliandika habari zake katika jarida la Lancet, akitafuta njia ya kuwapa wenye mapafu mabovu oksijeni kwa kiasi kilichothibitika. Kitundu chembamba hurusha oksijeni kwa kasi, nayo huvuta hewa ya chumba kupitia madirisha ya pembeni kwa uwiano maalumu, hata kinachomfikia mgonjwa huwa asilimia ile ile iliyoandikwa, avute pumzi kwa wingi au kwa uchache. Vipuli vyake vina rangi: buluu ni asilimia 24, nyeupe ni 28, manjano ni 35, nyekundu ni 40, kijani ni 60, na lita zinazotakiwa zimechapwa ubavuni mwa kila kimoja. Kwa mwenye khatari ya hewa ukaa anza na buluu au nyeupe, au mrija wa puani wa lita 1 au 2. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, ongeza lita juu ya zilizochapwa, takriban nusu yake tena, na asilimia haitabadilika. Wala usiruhusu shuka au kanga izibe yale madirisha, maana ukiyaziba umeifuta hesabu yote.

Ukishavika, soma mita katikati ya kile kitufe kinachoelea, si juu yake wala chini yake. Na kabla ya hapo angalia ukutani umechomeka wapi: tundu la oksijeni lina alama nyeupe, na la hewa ya kawaida lina alama nyeusi, na mara nyingi hukaa bega kwa bega kama mapacha. Wapo wagonjwa waliopewa hewa ya chumba kwa lita 15 huku kila mtu akistaajabu kwa nini hawapandi.

Kisha mkalishe kitako. Kuinua mgongo kwa mito miwili huweza kufanya kazi ambayo lita mbili hazifanyi. Kaa naye dakika tano baada ya kila badiliko, ukiangalia kipimo cha kidoleni, idadi ya pumzi na fahamu zake. Na kama ni wa 88 hadi 92, damu ya ateri ipimwe tena baada ya nusu saa hadi saa moja.

Chati ya NEWS2, ambayo Chuo cha Kifalme cha Matabibu kiliitoa mwaka 2017 na ambayo utaijaza kila zamu, ina safu mbili za oksijeni kwa sababu hiyo hiyo. Mgonjwa wa safu ya pili aliye katika oksijeni akifika asilimia 97 hupewa alama 3, yaani alama ya khatari, kana kwamba ameshuka. Ukiona hivyo usidhani karatasi imekosea, inakuambia upunguze.

Hapa sina budi kusimama juu ya kipimo cha kidoleni, kwani ndicho tunachokiamini kuliko macho yetu. Chombo hiki, ambacho Mjapani Takuo Aoyagi alivumbua asili yake katika miaka ya 1970, hupitisha mwanga katika kidole na kuihesabu damu kwa rangi yake, na rangi ya ngozi huingia katika hesabu hiyo. Watafiti wa Michigan walionyesha Desemba 2020 kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao chombo kilisema wako kati ya 92 na 96, weusi 11.7 katika kila mia walikuwa kwa hakika chini ya 88 damu ilipopimwa, ilhali kwa weupe walikuwa 3.6 tu. Serikali ya Uingereza iliunda tume huru chini ya Profesa Margaret Whitehead, na taarifa yake ya Machi 2024 ilikiri kasoro hii waziwazi. Basi mgonjwa mweusi anayehema na kutoka jasho huku chombo kikisema 94, mwamini mgonjwa, uombe damu ya ateri. Na anayepimwa nyumbani kila siku, tazama mwendo wa namba zake, kwani aliyekuwa 97 jana na leo ni 93 ameshuka, hata kama 93 yenyewe haitishi. Rangi ya kukosa oksijeni itafute katika ulimi, ufizi, na ndani ya kope la chini, si mashavuni.

Angalia vidole vilevile. Hina nyekundu aghalabu haina neno, lakini piko na rangi nyeusi za kucha huzuia mwanga, na bibi harusi wa juzi atakusomea namba za ajabu. Mwekee chombo katika ndewe ya sikio, kile kilichotengenezwa kwa sikio. Mikono ya baridi ipashe joto kwanza. Na yupo mmoja ambaye chombo humdanganyia kabisa: aliyevuta moshi wa jiko la mkaa lililowashwa ndani kwa ajili ya joto la Januari. Damu yake imeshikwa na gesi ya sumu, na chombo huihesabu kuwa ni oksijeni kikasema 99. Huyo apewe barakoa yenye mfuko, lita 15, namba isemavyo na iseme.

Mtungi nao una adabu zake. Ule mdogo wa kubebea, wenye herufi CD, una lita 460 ukijaa. Kwa lita 15 utaisha katika nusu saa, kwa lita 2 utakaa karibu saa nne. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuanza kumsukuma mgonjwa kwenda eksirei, si katikati ya ushoroba. Januari 2018 ilitolewa tahadhari ya nchi nzima kwa sababu katika miaka mitatu kulikuwa na visa zaidi ya 400 vya mitungi iliyoendeshwa visivyo, na wagonjwa sita walifariki: mtu huzungusha kitasa cha lita, akasahau kufungua valvu ya mtungi, na mgonjwa akavuta barakoa tupu. Fungua, kisha uweke barakoa karibu na shavu lako mwenyewe usikie upepo.

Na moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hukifanya kila kitu kingine kiwake kwa hasira, na nguo iliyoinyonya huendelea kuwa khatari kwa muda baada ya kuzima. Katika nyumba zetu za Walthamstow hakutajwi sigara tu. Kuna udi na ubani wa Alhamisi jioni, kuna chetezo chenye kaa jekundu. Mweleze mama mwenye nyumba kwa heshima kwamba afukize chumba kingine na mbali, na kwamba mgonjwa asipakwe usoni mafuta mazito ya mgando, bali yenye asili ya maji.

Ama jamaa wanaosihi “muongezee hewa,” usiwajibu kwa haraka. Kuhema na kukosa oksijeni ni mambo mawili. Mtu huweza kuhema kwa maumivu, kwa homa, kwa khofu, na damu yake ikawa na oksijeni tele. Mwonyeshe mkubwa wao ile namba, umwambie, “Baba, dawa hii imemfikia kiasi chake, nikizidisha nitamlevya.” Kisha mletee mgonjwa feni ndogo ya mkononi impepee usoni, kwani upepo huo humfariji mwenye kuhema. Nimeona familia nzima ikitulia kwa maelezo hayo.

Kupunguza ni sehemu ya tiba, nayo huachwa mara nyingi. Mgonjwa aliyekaa katika lengo lake kwa masaa kadhaa, anaongea na kula, mshushie hatua kwa hatua, na akifika lita 2 au 1 na bado ametulia, mwondolee. Mpime baada ya dakika tano na tena baada ya saa moja. Ila yule uliyemkuta amelewa hewa ukaa usimwondolee kwa ghafula hata ukiwa umetishika, kwani oksijeni yake itaporomoka chini ya pale ilipokuwa mwanzo; mshushe kwenye kipuli cha asilimia 28 au 35, au lita 1 hadi 2 za puani, huku msaada ukiitwa.

Yule bibi wa Unguja aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya tisa. Mwenye historia kama yake hupewa kadi ya tahadhari ya oksijeni, iliyoandikwa lengo lake na kipuli chake, ili watu wa gari la wagonjwa waione kabla ya kumfungulia lita 15 usiku. Nilimsomea kadi yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, nikamwambia kwamba akishikwa tena asiwaambie neno ila aionyeshe. Akaniuliza rangi ya kipuli chake. Nikamwambia, “Buluu, bibi, kama bahari.” Akarudia, “Buluu,” akaikunja kadi ndani ya kitambaa pamoja na kadi yake ya basi, akaifunga kwa fundo, akaitia kifuani.